Neno Sunesis katika Agano Jipya: Mwongozo kwa Msomaji wa Horohoro na Pwani ya Tanga

Neno la Kiyunani sunesis, ambalo kwa herufi zake lenyewe huandikwa σύνεσις, ni mojawapo ya maneno yanayotaja ufahamu katika Agano Jipya, na ingawa linaonekana mara 7 tu katika vitabu vyote 27, uzito wake unapita idadi hiyo, kwa sababu limewekwa mahali ambapo waandishi wanaeleza jinsi binadamu anavyolipokea neno la Mungu, anavyolipima na anavyoweza kulikosa hata akiwa analisikia kila siku. Msomaji wa Kiswahili hukutana nalo bila kulitambua, kwa kuwa Biblia aliyonayo mkononi haikulitafsiri kwa neno moja: katika Union Version ya 1952, ambayo ndiyo isomwayo zaidi makanisani, mara linakuwa “ufahamu”, mara “fahamu”, mara kitenzi “kufahamu”, na mara “akili”. Mwongozo huu unakusudia kumwonyesha msomaji, hasa aliyeko Horohoro na katika vijiji vya wilaya ya Mkinga vinavyopakana na Kenya, njia ya kulifuatilia neno hilo kwa vitabu vichache anavyoweza kuvipata, na namna ya kuamua maana ya kila kifungu bila kubahatisha.

Eneo hilo limetajwa kwa sababu yake. Mpaka unaopita Horohoro, ambao chanzo chake ni makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, uliwagawa Wadigo pande mbili, na kwa miaka mingi ulikuwa pia mpaka wa Biblia mbili za Kiswahili. Upande wa kaskazini kazi ilianzia kwa Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri sehemu za Maandiko, na Biblia nzima kwa Kimvita ikatoka 1914. Upande wa kusini ilikuwako Biblia ya Kiunguja ya 1891, iliyojengwa juu ya kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyefariki 1882, na ambayo wamisionari Waanglikana wa UMCA waliitumia katika vituo vyao vya Ubondei, kikiwamo Magila karibu na Muheza. Kisha ikaja Biblia ya Karl Roehl ya 1937, kazi ya mmisionari Mlutheri aliyeijua Usambara, ambaye alijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka yale ya Kibantu mahali pake. Union Version ndiyo iliyowapa watu wa pande zote mbili kitabu kimoja. Historia hiyo inahusu moja kwa moja suala la ufahamu, kwa sababu maneno ya Kiswahili yanayotaja kazi za akili yametoka katika visima viwili: fahamu, akili, maarifa, hekima na busara ni ya asili ya Kiarabu, nayo hufundishwa na kutumika madrasani kama yanavyotumika kanisani, ilhali kujua, kutambua, kuelewa na kusikia ni ya Kibantu. Mtafsiri wa Kiswahili hana budi kuchagua kati ya visima hivyo kila anapofika kwenye neno kama sunesis, na uchaguzi wake humwelekeza msomaji kabla hajaanza kutafakari.

Kuyachunguza maneno ya Kiswahili kwanza

Kosa la kawaida katika masomo ya namna hii ni kukimbilia Kiyunani huku maneno ya Kiswahili yenyewe yakichukuliwa kuwa yanajulikana. Inafaa msomaji aanze nyumbani. Neno “fahamu”, kwa mfano, katika Kiswahili cha leo limeelekea sana kwenye hali ya mwili: mgonjwa hupoteza fahamu, na daktari huzungumzia mishipa ya fahamu. Msomaji kijana anapolikuta katika Luka 2:47, mahali ambapo watu hekaluni wanastaajabia fahamu za mtoto Yesu, anaweza kupita bila kupata kitu, ingawa Kiyunani cha mstari huo ni sunesis, yaani uwezo wa kupambanua maana ya mambo yanayosemwa. Neno “akili” nalo, katika matumizi ya shuleni na mitaani, limekuwa jina la kipawa cha kuzaliwa, kitu ambacho mtu anacho au hana, na wakati mwingine hata jina la ujanja. Kwa hiyo linapotumika kutafsiri sunesis linaweza kuleta wazo ambalo mwandishi hakuwa nalo.

Kitenzi “kuelewa” kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sarufi yake ya zamani imehifadhiwa katika Union Version na kusahauliwa katika mazungumzo. Asili yake ni “kuelea”, kwa maana ya jambo kuwa wazi kwa mtu, na “kuelewa” ni hali ya kutendwa ya kitenzi hicho. Ndiyo maana watafsiri waliandika “kuelewa na” jambo, ambapo jambo ndilo linalotenda na mtu ndiye anayefikiwa na uwazi wake. Msomaji wa leo anayesema kwamba ameelewa somo huliona kuwa ni tendo lake mwenyewe, lakini sarufi ya wazee wa pwani ilisema kwamba somo limemwelea. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayesoma Injili, na pwani ina bahati ya kuwa na wazee ambao bado wanaisema hivyo.

Halafu kuna “kusikia”. Watu wa pwani husema kwamba fulani anasikia Kidigo au anasikia Kisegeju, nao hawamaanishi kwamba sauti inamfikia masikioni, bali kwamba lugha hiyo anaielewa. Kiswahili kwa njia hiyo kimeunganisha kusikia na kuelewa katika kitenzi kimoja, jambo ambalo Waebrania nao walilifanya: katika 1 Wafalme 3:9 Sulemani anaomba moyo unaosikia, na wale waliolitafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani, katika tafsiri iitwayo Septuaginta iliyoanzwa Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, walipofika mstari wa 11 waliandika kwamba Sulemani ameomba sunesis ya kusikiliza hukumu. Msomaji wa pwani yuko karibu na wazo hilo kwa lugha yake ya kila siku, na akiliweka moyoni litamsaidia katika sura ya 13 ya Mathayo.

Kuikusanya mistari saba na jamaa zake

Baada ya hapo msomaji achukue daftari na kuandika mahali 7 ambapo sunesis inapatikana: Marko 12:33, Luka 2:47, 1 Wakorintho 1:19, Waefeso 3:4, Wakolosai 1:9, Wakolosai 2:2 na 2 Timotheo 2:7. Mbele ya kila rejea aandike neno ambalo Biblia yake imelitumia. Kwa Union Version atapata, kwa mpangilio huo, ufahamu, fahamu, akili, ufahamu, ufahamu, kufahamu, na tena akili. Ikiwa anayo pia Biblia Habari Njema, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990, aongeze safu ya pili, na mahali ambapo tafsiri mbili zinatofautiana apatie alama, kwa kuwa hapo ndipo pana kazi. Itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno na mistari yalimo, ni ya msaada, lakini itifaki ya Kiswahili pekee haitoshi, kwa sababu inafuata neno la Kiswahili wala haifuati la Kiyunani: atakayetafuta “akili” kwa itifaki hiyo atapewa pamoja maneno matatu tofauti ya Kiyunani, kama itakavyoonekana. Dawa yake ni zile namba alizozipanga James Strong katika itifaki yake ya 1890, ambazo leo zimo katika programu nyingi za Biblia za simu na humwezesha hata asiyejua herufi za Kiyunani kulifuata neno. Namba ya sunesis ni 4907.

Neno halitembei peke yake, na jamaa zake zinafaa kuandikwa katika ukurasa unaofuata. Kitenzi suniemi, namba 4920, maana yake kuelewa, kinapatikana mara 26 katika Agano Jipya. Kivumishi sunetos, namba 4908, mwenye ufahamu, kinapatikana mara 4. Mmoja wa wanaoitwa hivyo ni Sergio Paulo katika Matendo 13:7, ambaye Union Version inamwita liwali, cheo ambacho watu wa Tanga wanakijua kutoka enzi za Sultani na za Wajerumani. Kinyume chake, asunetos, namba 801, asiye na ufahamu, kinapatikana mara 5, na mbili kati ya hizo zimo katika Warumi 1, ambapo Paulo anazungumzia mioyo iliyotiwa giza.

Faida ya kuikusanya jamaa nzima inaonekana mara moja katika Luka 2. Mstari wa 47 unasema watu walistaajabia sunesis ya mtoto mwenye umri wa miaka 12, na mstari wa 50 unasema wazazi wake hawakulielewa neno alilowaambia, kwa kitenzi suniemi. Luka ameweka nomino na kitenzi vya shina moja vikitenganishwa na mistari miwili tu, ili ufahamu wa mtoto na kutofahamu kwa wazazi visomwe pamoja. Katika Union Version kiungo hicho kimefichika, kwa sababu palipo na nomino pameandikwa fahamu, na palipo na kitenzi pameandikwa kuelewa. Watafsiri hawakukosea, kwani kila neno linafaa mahali pake, lakini mhubiri asiyelijua jambo hili hawezi kuwaonyesha wasikilizaji wake kile ambacho Luka alikusudia kionekane. Tena msomaji aangalie mstari wa 46: kabla ya kusifiwa kwa sunesis yake, mtoto huyo ameketi katikati ya walimu akisikiliza na kuuliza maswali.

Kifungu cha kuanzia: Marko 12:28–34

Miongoni mwa mistari saba, Marko 12:33 ndio unaofaa kuanza nao, kwa sababu ndani ya mistari michache maneno matatu ya akili yamewekwa karibu karibu na kila moja lina kazi yake. Mwandishi mmoja, yaani mwalimu wa torati, anamwuliza Yesu kuhusu amri iliyo kuu. Katika mstari wa 30 Yesu anataja amri ya Kumbukumbu la Torati 6:5, na pale Waebrania walipotaja mambo matatu, moyo, nafsi na nguvu, Marko anataja manne, la nyongeza likiwa dianoia, namba 1271, neno linalotaja akili kama chombo cha kufikiri, nalo kwa Kiswahili limekuwa akili. Mwandishi anapojibu katika mstari wa 33 halirudii neno hilo, bali anasema sunesis, na Union Version kwa haki imelibadilisha na kuandika ufahamu. Kisha katika mstari wa 34 Yesu anaona kwamba amejibu nounechos, kielezi kisichopatikana mahali pengine popote katika Agano Jipya, kilichoundwa kwa nous, yaani akili, na kitenzi cha kuwa na kitu. Kwa Kiswahili, kwa busara.

Ni rahisi kusema kwamba mwandishi alibadilisha maneno kwa kupendezesha usemi tu, na huenda jambo hilo lisikataliwe moja kwa moja. Hata hivyo mfuatano wa simulizi unaunga mkono wazo lenye nguvu zaidi. Mtu huyu amefanya jambo ambalo wengine waliomjia Yesu katika sura hiyo hawakulifanya: ameichukua amri ya kumpenda Mungu, akaichukua ya kumpenda jirani, akayaweka pamoja na yale ambayo manabii walisema juu ya dhabihu, na kutoka hapo akatoa hukumu kwamba upendo unapita sadaka zote za kuteketezwa. Yesu hakuitaja sadaka hata mara moja katika jibu lake. Mwandishi ndiye aliyeileta. Huo ndio ufahamu unaoitwa sunesis: mtu amepokea vipande vya kweli vilivyokuwa mbalimbali, akaviweka pamoja, na kuona jambo ambalo kipande kimoja peke yake hakikulisema. Katika ofisi za mpakani Horohoro wakala wa forodha anaweza kuwa na ankara iliyo sahihi, orodha ya mizigo iliyo sahihi na cheti cha uasili wa bidhaa kilicho sahihi, lakini anayeijua shehena ni yule anayezisoma hati zote tatu kwa pamoja na kuona kama zinazungumza habari ya mzigo mmoja.

Marko mwenyewe anautia nguvu usomaji huo katika sura ya 8. Wanafunzi wamo chomboni, wanahangaikia mkate, na Yesu anawauliza kama bado hawajatafakari wala kuelewa, kwa vitenzi noeo na suniemi vikifuatana. Halafu anawahoji kwa hesabu: mikate 5 kwa watu 5,000, vikapu vingapi vya mabaki? Wanajibu 12. Mikate 7 kwa watu 4,000, vingapi? Wanajibu 7. Majibu yote mawili ni sahihi, kumbukumbu yao haina kasoro, na bado swali la mwisho, katika mstari wa 21, ni lile lile la kutoelewa. Walikuwa na habari kamili za matukio mawili, ila hawakuyaweka pamoja wajue ni nani aliyekuwa nao chomboni. Mwalimu anayetaka kueleza sunesis kwa darasa la kipaimara au kwa jumuiya ndogo hatapata mfano ulio bora kuliko huu, na inafaa ausome pamoja na Marko 6:52, ambapo chanzo cha kutoelewa habari ya mikate kinatajwa kuwa ni moyo uliokuwa mgumu. Kwa Marko, ufahamu hukaa moyoni, na kinachouzuia si upungufu wa kumbukumbu.

Mathayo 13 na tofauti ya udongo mzuri

Kitenzi suniemi kinapatikana mara 6 katika sura hii moja, mistari ya 13, 14, 15, 19, 23 na 51, na msomaji ayapigie mstari yote, akijua kwamba Union Version imetumia kuelewa katika baadhi yake na kufahamu katika swali la mstari wa 51. Baada ya hapo aweke kando kwa kando mfano wa mpanzi katika Injili tatu. Katika Marko 4:20 watu wa udongo mzuri wanalisikia neno na kulipokea. Katika Luka 8:15 wanalisikia na kulishika. Katika Mathayo 13:23 wanalisikia na kuelewa nalo. Vilevile mbegu iliyoanguka njiani, kwa Mathayo pekee, ni mtu aliyesikia asielewe. Injili hii imeufanya ufahamu kuwa ndio unaotenganisha udongo wa kwanza na wa mwisho, na katika lugha ambayo kusikia lugha ni kuielewa, onyo lililomo humo ni kali: inawezekana kusikia kwa masikio bila kusikia kwa maana ile nyingine. Kitenzi kilichofuatia, cha kuzaa matunda, kinaonyesha pia kwamba ufahamu ambao haukufika kwenye tendo haujakamilika mbele ya Mathayo.

Tahadhari juu ya asili ya neno

Vitabu vingi vya mahubiri hueleza kwamba sunesis imetokana na sun, pamoja, na hiemi, kupeleka au kuweka, na kwamba kwa hiyo maana yake ni kuweka pamoja. Asili hiyo ni ya kweli. Homer, katika kitabu cha 10 cha Odisea, mstari wa 515, alilitumia neno lenyewe kutaja mahali ambapo mito miwili ya kuzimu inakutana, muda mrefu kabla halijawa jina la kazi ya akili. Lakini msomaji asiijenge hoja yake juu ya msingi huo, na sababu yake iko ndani ya Biblia yenyewe. Neno la Kiebrania ambalo Septuaginta hulitafsiri mara nyingi kwa sunesis ni bina, ambalo shina lake linahusiana na beyn, yaani kati, na hivyo picha yake ni ya kutenganisha na kupambanua. Kiyunani kinakusanya, Kiebrania kinatenga, na watafsiri wa Aleksandria hawakuona tatizo lolote kuliweka moja mahali pa jingine, kwa kuwa walifuata maana iliyotumika, wala hawakufuata picha iliyozikwa katika shina. Mtaalamu James Barr alilieleza kosa hili kwa kirefu katika kitabu chake cha 1961 kuhusu maana za maneno ya Biblia, na tangu hapo hakuna udhuru kwa mwalimu anayetoa mafundisho mazima kutoka katika viambishi vya neno. Maelezo ya Marko 12 na 8 yaliyotolewa hapo juu yanasimama kwa sababu simulizi zenyewe zinaonyesha watu wakiunganisha mambo au wakishindwa kuyaunganisha. Yangesimama hata kama asili ya neno ingekuwa nyingine.

Kuhusu Aristotle inatosha kutaja jambo moja. Katika kitabu cha 6 cha Maadili ya Nikomako anaitofautisha sunesis na phronesis, yaani busara ya kutenda, akisema kwamba phronesis huamuru lipi lifanyike, ilhali sunesis huhukumu tu, hasa mtu anapousikiliza usemi wa mwingine na kuupima vizuri. Waandishi wa Agano Jipya hawakuwa wanafunzi wake, na Mathayo, kama ilivyoonekana, hautenganishi ufahamu na matunda. Ila wazo la kusikiliza na kupima linakubaliana na Luka 2 na Marko 12.

Nyaraka za Paulo

Katika 1 Wakorintho 1:19 Paulo anatumia Isaya 29:14, na Union Version imeandika akili kwa sunesis. Msomaji akisoma akili kwa maana ya kipawa cha kuzaliwa, atadhani kwamba Mungu anachukia watu wenye vichwa vyepesi, na dhana hiyo imeleta madhara makanisani, kwa sababu imewafanya wengine waione elimu kuwa ni adui wa imani. Isaya alikuwa akisema juu ya watu waliomkaribia Mungu kwa midomo huku mioyo yao ikiwa mbali. Kinachokataliwa ni ufahamu wa wale waliojiaminisha kwamba wameyapima mambo yote na kuyamaliza. Hapa pafaa kusomwa “ufahamu”.

Waefeso 3:4 na 2 Timotheo 2:7 zisomwe pamoja, kwa kuwa zote mbili zina noeo kabla ya sunesis, kama ilivyokuwa katika Marko 8:17. Waefeso wanasoma barua, na kwa kusoma wanaweza kuutambua, noeo, ufahamu alionao Paulo katika siri ya Kristo. Timotheo anaambiwa ayatafakari, noeo, maneno aliyoandikiwa, na Bwana atampa sunesis. Barua hiyo ya Timotheo imetoka kumwekea askari, mshindani wa michezo na mkulima, mistari mitatu tu ya maelezo, bila kumweleza kila mmoja anamaanisha nini. Kazi ya kutafakari ni ya Timotheo, na kupata ufahamu ni zawadi, na mwandishi hakuona kwamba moja linaondoa jingine. Union Version imeandika akili mwishoni mwa mstari huo, neno ambalo katika Luka 24:45 limetafsiri nous, namba 3563, na katika Marko 12:30 limetafsiri dianoia. Haya ndiyo maneno matatu ya Kiyunani chini ya neno moja la Kiswahili yaliyotajwa awali. Nous nayo, kwa upande wake, imekuwa nia katika Warumi 12:2. Katika Luka 24:45 tofauti inaonekana vizuri: akili, nous, inafunuliwa, ili watu waelewe, suniemi, Maandiko, chombo ni kimoja na kazi yake ni nyingine.

Wakolosai 1:9 unaunganisha hekima na sunesis na kuzungumzia kujazwa navyo, na lugha hiyo imetoka mbali. Katika Kutoka 31:3 ya Septuaginta, Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, amejazwa roho ya Mungu yenye hekima, sunesis na ujuzi, ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Na Isaya 11:2 inalitaja tena jozi lile lile, hekima na sunesis, juu ya mzao wa Yese. Msomaji akumbuke Bezaleli anapofika Wakolosai 1:10, ambapo matokeo ya kujazwa ni mwenendo na kazi njema. Maarifa yanayotajwa katika mstari wa 9 ni epignosis, namba 1922, nayo si sunesis. Wakolosai 2:2 hauhitaji zaidi ya kuangaliwa kwamba ufahamu wa pale unawajia watu waliounganishwa katika upendo, si mtu mmoja chumbani.

Kidigo kama kipimo cha mwisho

Msomaji wa Horohoro anacho chombo kimoja ambacho mwenzake wa Dodoma hana. Agano Jipya la Kidigo lilitoka 2007, na kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato ilikwisha kutoka 2004. Baada ya kuijaza safu ya Union Version, anayesikia Kidigo aongeze safu ya Kidigo, kisha aangalie kama watafsiri wametumia kumanya, kitenzi cha kujua, au wamechagua kingine, na kama walichochagua katika Luka 2:47 wamekirudia katika 2:50. Pale wanapotofautiana na Union Version, ayaulize maana wazee wanaoitumia lugha hiyo kila siku, bila kujali dini yao, kwa kuwa swali ni la lugha na wengi wa Wadigo ni Waislamu. Tahadhari ni moja: tafsiri inayofanana na Kiswahili haithibitishi Kiyunani. Katika Matendo 8:30, kwa mfano, Union Version imetumia kitenzi kuelea, kwa uzuri wa pekee, katika swali la Filipo kwa Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini, lakini Kiyunani hapo ni ginosko, kujua, kilichochaguliwa kwa kuwa kinasikika karibu na kitenzi cha kusoma, anaginosko.

Wanaofundisha katika makanisa ya Mkinga, Muheza na ng'ambo ya mpaka huko Lunga Lunga wanaombwa wasianze na asili ya neno wala na kamusi. Waanze na Marko 12:28–34, wausome kwa sauti mara mbili, wawaulize wasikilizaji ni jambo gani ambalo mwandishi amelisema na Yesu hakulisema, na wawape nafasi ya kujibu kabla ya kueleza chochote. Kisha waende Marko 8, Luka 2 na Mathayo 13, na nyaraka ziwe za mwisho. Na watakapofika 2 Timotheo 2:7, waseme wazi mbele ya darasa kwamba akili inayotajwa pale ni ufahamu.